Kibanda cha Leander, Mkuki wa Wenzel

Siku Leander Thiel alipomwona Wenzel Havlik kwa mara ya kwanza, Wenzel alikuwa ameketi chini juu ya barafu ya ziwa, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, anacheka. Viatu vyake vya mjini vilikuwa vimemtelezesha. Mkono mmoja alikuwa ameuinua juu, na kwenye mkono huo ilikuwa sahani ya keki ya tufaha aliyoibeba kutoka Milwaukee, haikupoteza hata chembe. Leona, dada yake Leander, alisimama kando yake ameziba mdomo kwa glavu.

"Baba," alisema, "huyu ndiye Wenzel niliyekuambia."

Mzee Ervin Thiel alitoa kichwa nje ya mlango wa kibanda. Alimtazama kijana, akaitazama keki, akacheka.

Leander alikuwa nyuma ya kibanda akipasua kuni, na aliposikia kicheko kile alidhani kuna mtu mwingine humo ndani. Tangu alipokuwa na umri wa kubeba ndoo alikuwa akiketi na baba yake juu ya barafu kila Februari, na hakuwahi kumsikia akicheka huko. Mzee aliamini kwamba kicheko hushuka majini na samaki hukisikia. Kikohozi pia. Leander alikuwa amejifunza kukohoa ndani ya kofia.

Februari ndio mwezi wa mkuki katika Ziwa Winnebago. Watu wa kando ya ziwa, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na watu wa viwanda vya jibini, huburuta vibanda vyao mpaka mbali na ufuko, wakakata barafu kwa msumeno tundu la ukubwa wa mlango, wakaziba kila ufa wa ukuta ili ndani kuwe giza tupu, kisha wakaketi kwenye vigoda wakitazama chini. Hawana haja na ndoana. Wanamngoja samaki mmoja tu, sturjoni, apite chini ya tundu. Wengine humngoja miaka. Wengine humngoja mpaka wakazikwa.

Leander alikuwa wa hao wa miaka. Sasa alikuwa mwanamume kamili mwenye ndevu, na hakuwa amepata hata mmoja. Alichokitaka duniani kilikuwa kidogo, na kwa kuwa kilikuwa kidogo aliona aibu kukisema: samaki mmoja, atundikwe kwenye boriti mbele ya baa ya Gerhard ambako samaki wote hupimwa, baba yake asimame hapo na glasi ya brandi mkononi, na mpita njia aulize ni wa nani.

Wenzel alipoingia kibandani aliuliza swali ambalo Leander hakuwahi kuthubutu kuliuliza, kwa kuwa alidhani mwana wa Ervin Thiel anapaswa kuzaliwa analijua jibu.

"Mzee, huyu samaki anafananaje hasa? Leona anasema ana ndevu."

Na Ervin Thiel, ambaye mezani alikuwa akiomba chumvi kwa kidole, alijibu.

"Ana ndevu nne, ndiyo, chini ya pua. Pua yenyewe ni ndefu, ina ncha kama plau. Zile ndevu ndizo macho yake. Anazipitisha juu ya tope, zikigusa funza mwekundu anashusha mdomo. Mdomo uko chini, hauna jino hata moja. Unatoka nje kama mkono wa shati unavyochomoza kwenye koti, unafyonza, unarudi. Magamba kama ya samaki wengine hana. Ana vigao vya mfupa, safu tano, mgongoni na ubavuni. Akiwa mdogo, ukimshika anakuchana kiganja kama msumeno. Akizeeka vinalika, anakuwa laini. Mkia wake una upande mmoja mrefu, wa juu, kama umekatwa na fundi mlevi. Rangi yake ni ya gogo lililozama. Ukiona gogo linatembea, usiniulize. Ndiye."

"Basi ni mjomba wangu wa Kewaunee," alisema Wenzel. "Ndevu, pua, meno hana, na anatembea chini akifyonza."

Mzee akacheka tena. Leander alikuwa mlangoni ameshika kuni kifuani. Katika miaka yote ile alichofundishwa yeye kuhusu sturjoni alifundishwa kwa kiwiko cha ubavuni: kaa sawa, tazama, nyamaza. Hotuba kama ile hakuwa amepewa hata nusu yake. Alihisi kitu kidogo kimeshika roho yake na kuanza kuisokota, taratibu, kama mtu anayekamua kitambaa.

"Leander," alisema baba yake bila kugeuka, "mpe mgeni kigoda chako apashe miguu. Wewe malizia kuni."

Alikuwa bado anapasua kuni aliposikia maji yakipiga ukuta wa kibanda, na sauti ya baba yake ikisema kwa ukali, "Kamba! Shika kamba!" Aliacha shoka akakimbia. Ndani, Wenzel alikuwa amepiga magoti kwenye barafu iliyolowa, kamba ya mkuki imemzunguka kiganja, kofia imeanguka majini, na chini yake, katika ule mwanga wa kijani wa tundu, mnyama mrefu kama mlango alikuwa anajipinda. Walimtoa wakiwa watu watatu. Wenzel aliuliza kama amefanya vibaya. Mzee alikuwa amemwambia, gogo lilipotokea, asiurushe mkuki bali auachilie tu, nyuma ya kichwa, uzito wa chuma utafanya kazi yenyewe. Na Wenzel, kwa kuwa hakujua lolote, alifanya vile alivyoambiwa. Mtu anayejua angeurusha.

Leander ndiye aliyemburuta samaki kwa sleji, ubao wa kutelezea barafuni, mpaka kijijini, maana Wenzel viatu vyake havikuweza. Watu walitoka vibandani kutazama.

"Hatimaye, Leander!" aliita mmoja wa majirani. "Ni wako?"

"Wa mgeni," alisema Leander, akaendelea kuvuta.

Samaki alitundikwa mbele ya baa ya Gerhard, uzito wake ukamzidi Leona, na mzee Ervin akasimama hapo na glasi ya brandi mkononi. Wapita njia walipouliza ni wa nani, aliweka mkono kwenye bega la Wenzel. Waliosema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi hawakusema ulale vipi wakati hiyo bahati inakula chakula cha jioni mezani kwenu, na dada yako anaiongezea kabichi.

Wenzel na Leona walioana baada ya Pasaka. Wenzel hakumpeleka mjini; yeye ndiye aliyehamia kijijini. Alikuwa mwokaji mikate tangu utoto wake, na alifungua duka la mikate karibu na kanisa, mahali palipokuwa pa fundi wa hatamu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye unga kwenye nyusi kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, mwenye desturi ya kupiga mluzi anapofikiri. Aliwapelekea mikate wakulima kwa gari lililokuwa na mlango mmoja usiofungika, na wake za wakulima walitoka uani kumpokea wakati bado yuko barabarani, kwa sababu alikuwa na habari za kila nyumba na hakuwa na habari mbaya za mtu yeyote. Hili la mwisho Leander aliliona kuwa udanganyifu. Alikuwa akimsikiliza kwa makini, mwaka hadi mwaka, akingoja amsikie akimsengenya mtu mmoja tu.

Leander mwenyewe alioa Rosella, binti wa mtengeneza jibini, mwanamke mwenye maneno machache na mikono yenye nguvu. Aliendelea kukamua ng'ombe wa baba yake. Februari zikaja na kwenda. Mzee alikuwa akiketi siku moja na Leander na siku moja na Wenzel, na samaki hawakuja kwa yeyote, lakini siku za Wenzel mzee alirudi nyumbani akiwa na hadithi.

Kisha mzee Ervin akashikwa na maradhi ya moyo. Aliwaita wote wawili, na padri akiwa palepale, akagawa. Shamba lilikuwa limeshagawanywa. Lililobaki lilikuwa la barafuni. Mkuki, ule wenye meno matano ambao babu yake Leander aliufua kwa chuma cha gurudumu, alimpa Wenzel. Kibanda alimpa Leander.

Kila mtu kijijini alielewa mzee alichotaka. Mkuki bila kibanda ni uma, na kibanda bila mkuki ni choo. Alitaka waketi pamoja. Kwenye chakula cha mazishi watu walisema Ervin alikuwa na akili mpaka pumzi ya mwisho. Leander alielewa kama walivyoelewa wao, na alikataa kuelewa. Alichokiona yeye ni kwamba mkuki huenda kwa mkono unaopata. Alimwagiza fundi wa chuma wa kijiji cha pili amtengenezee mkuki mwingine, na Februari ilipofika aliburuta kibanda peke yake.

Wenzel alimjia shambani, kofia mkononi.

"Shemeji, tunaketi lini?"

Leander alisema kibanda kile ni kidogo, na siku hizi magoti yake yanataka nafasi.

"Haya," alisema Wenzel. Alipiga mluzi kidogo. "Basi nitajenga changu. Mbao za masanduku ya mikate ninazo. Lakini unieleze pa kukiweka. Ziwa hili wewe ndiye unayelijua, mimi naijua chachu tu."

Na kweli Leander alilijua. Hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Alijua kwamba sturjoni wakati wa baridi hafuati jabali wala mchanga, hufuata tope. Katika tope laini la katikati ya ziwa, pale ambapo ukishusha fimbo inazama bila kugusa kitu kigumu, ndimo wanamolala wale funza wekundu ambao mwezi wa Mei hutoka wakawa nzi na kuziba madirisha ya kanisa. Hao ndio chakula chake. Sturjoni wengine huwafuata visamaki wa rangi ya fedha wanaokufa kwa baridi na kuanguka chini. Theluji ikiyeyuka, wote hupanda mto kwenda kutaga kwenye mawe, na hapo hata mtoto anaweza kuwaona, migongo nje ya maji, wamejaa ukingoni kama ng'ombe kwenye hori. Lakini Februari ni tope. Na kulikuwa na mahali pamoja, mkabala na mnara wa kanisa, ambapo chini ni mchanga mweupe na changarawe, safi kama sakafu ya mama mkwe, hakuna funza hata mmoja.

"Weka mkabala na kanisa," alisema Leander. Alilisema haraka, kama mtu anayemeza dawa. "Maji ya pale ni maangavu. Utaona vizuri."

Wenzel alimshukuru. Siku ya pili akamletea Rosella mkate wa shayiri.

Waliosema subira huvuta heri hawakuketi juu ya barafu. Leander aliketi katika giza lake, jiko dogo la kuni likipumua nyuma ya kisogo, na mbele ya magoti yake lile jicho la kijani sakafuni. Chini kabisa alikuwa ametupa magunzi meupe ya mahindi ili chochote kitakachopita juu yake kionekane. Samaki wa mti wa kuwavuta samaki wa kweli, aliyechongwa na babu yake na kupakwa rangi nyekundu, aliyumba kwenye uzi wake. Walipita visamaki wadogo. Alipita samaki mmoja mnene, akitazama kushoto na kulia kama mkaguzi. Sturjoni hakupita.

Na kutoka upande wa kanisa, upepo ukiwa mzuri, alisikia vicheko.

Kibanda cha Wenzel kilikuwa kimepakwa rangi ya mayai na kilikuwa na bomba la moshi lililopinda. Watu walikwenda pale. Kwanza majirani wawili watatu, kwa adabu, kumwonea huruma mwokaji aliyeketi juu ya mchanga. Kisha wakaanza kurudi bila huruma. Kulikuwa na kahawa, keki za mdalasini zilizopashwa juu ya jiko, karata kwenye sanduku lililopinduliwa. Wenzel hakuamini kwamba kicheko kinashuka majini. Alisema akiwa sturjoni angekifuata.

Rosella alirudi nyumbani siku moja, mashavu mekundu, na Leander alinusa mdalasini kabla hajauliza.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Wenzel na Leona, barafuni."

"Wana nini kule?"

"Wanaketi," alisema Rosella. "Ni joto." Akafikiri kidogo. "Aliona samaki mdogo mwenye mistari akaeleza habari zake mpaka tukalia. Sikumbuki hata alisema nini."

Leander hakulala vizuri usiku ule. Alikuwa amempa yule mtu mahali pabaya kuliko pote ziwani, na yule mtu alikuwa amepageuza kuwa mahali ambapo mke wake anakwenda kuota moto. Yeye alikuwa na mahali pazuri kuliko pote na hakuna aliyebisha hodi. Alianza kuacha mlango wake wazi kidogo, ufa wa kidole tu, kutazama upande wa kanisa. Alijiambia ni kwa ajili ya hewa. Aliwahesabu walioingia kwa Wenzel. Alijua nani ameingia na nani ametoka, na nani ameingia tena baada ya kutoka.

Ilikuwa asubuhi moja ya namna hiyo. Gerhard mwenyewe, mwenye baa, mtu asiyependa baridi, alikuwa anavuka barafu kwa shida kuelekea kibanda cha rangi ya mayai, na chupa kwapani. Leander aliegemea mlango ili aone kama ataingia kweli. Aliingia. Leander akasema neno baya kwa sauti ndogo, akafunga mlango, akageuza uso kwenye tundu. Macho yalikuwa yamezoea theluji na hayakuona kitu. Yalipoanza kuona, aliona mkia. Upande wa juu mrefu, wa chini mfupi. Ulikuwa unayavuka magunzi meupe bila haraka, ukatoka kwenye ukingo wa tundu kama mtu anavyotoka chumbani baada ya kukuta hakuna mwenyeji.

Alikaa pale na mkuki mapajani mpaka saa ya kufunga uvuvi. Hakumwambia mtu, hata Rosella. Na hasira zake zote zilimwendea Wenzel.

Hivyo miaka ikaenda, wote wawili bila samaki. Wenzel alikuwa na yule mmoja wa siku ya kwanza na hakuwahi kumtaja, jambo ambalo lilimuuma Leander kuliko kama angemtaja kila siku. Watu walimtaja kwa niaba yake. Wageni wakija kijijini waliambiwa habari za mwokaji wa Milwaukee aliyekaa chini kwenye kigoda cha mtu mwingine akapata samaki kabla kahawa haijapoa. Mwenye kigoda hakuwa na jina katika hadithi ile.

Kisha Wenzel akaanza kukohoa. Daktari alisema ni unga, miaka yote ile ya kuuvuta pumzi, umemjaa kifuani. Duka alilichukua binti yake mkubwa. Mwaka ule kibanda cha rangi ya mayai kilibaki nyuma ya duka chini ya theluji, na kwenye barafu mkabala na kanisa hapakuwa na kitu, isipokuwa baadhi ya wazee ambao kwa mazoea walitembea mpaka pale, wakasimama, wakarudi.

Leander alidhani atafurahi. Alifungua mlango ufa wa kidole akatazama ule uwazi, na alishangaa kuona kwamba hana la kuhesabu.

Siku ya tatu au ya nne ya msimu alisikia sleji. Leona alikuwa anaivuta, mzee sasa naye, kamba begani, na juu ya sleji alikuwa Wenzel amefungwa mablanketi kama mkate wa Krismasi, mkuki wa meno matano umelazwa kando yake.

"Shemeji," alisema Wenzel alipopata pumzi. "Magoti yako yamepata nafasi sasa?"

Leander aliona aibu mbele ya dada yake. Alisogeza kigoda cha pili, kile alichokuwa akiwekea kofia. Leona alimsaidia mumewe kuketi, akasema atarudi mchana, akafunga mlango. Giza likaingia.

Waliketi kwa muda mrefu. Pumzi ya Wenzel ilikuwa na mluzi ndani yake ambao hakuupiga yeye.

"Hapa chini ni tope," alisema mwishowe.

"Ni tope."

"Kwangu ni mchanga. Leona aliniambia msimu wa pili. Alisema, kaka yangu amekuweka jangwani."

Leander alisukuma ukuni jikoni. Masikio yalimwaka moto. "Mbona hukuhama?" aliuliza.

"Nihamie wapi? Watu walikuwa wameshajua njia." Wenzel alikohoa ndani ya mikono yake. "Na nilisema, akija mmoja kwenye mchanga ule atakuwa kichaa kama mimi, tutaelewana. Nilikukasirikia lakini. Usidhani sikukukasirika. Mwaka mzima mkate wako ulitoka kwenye tanuri la jana."

Leander alikumbuka mkate ule. Alikuwa amedhani ni kiburi cha utajiri.

Alianza kumtazama. Katika ule mwanga wa kijani uso wa Wenzel ulikuwa umekonda, pua imerefuka, ndevu nyeupe zimemwota. Mikono yake ilikuwa imeshika mkuki wa babu yake Leander, ameushika vizuri, bila kuubana, kama mtu anavyoshika kijiti cha kusukumia unga. Leander aliitazama mikono ile. Alijiuliza mzee Ervin aliona nini ndani yake ambacho hakukiona kwenye mikono mingine iliyokuwa mbele yake tangu utotoni. Aliitazama kwa muda, na akaona vidole vinakaza.

Akatazama chini.

Alikuwa jike. Hakuna dume anayefikia ukubwa ule. Alikuwa ameingia kutoka upande wa jiko, chini kabisa, ndevu zake nne zikigusa tope na kuinua vumbi dogo kila zilipogusa. Vigao vya mgongo vilikuwa vimelika mpaka vikawa laini, kama ngazi za kanisa. Alikuwa na rangi ya gogo, na tumbo lilikuwa jeupe, limejaa mayai. Huenda alikuwa akipita hapa kabla shamba la Thiel halijawa shamba. Alisimama juu ya magunzi, akashusha mdomo wake wa mkono wa shati, akaonja moja, akalitema.

Wenzel alikuwa na mkuki mkononi na samaki alikuwa moja kwa moja chini ya meno yake. Hakuuachilia. Aliusogeza polepole, bila sauti, juu ya maji, mpaka mpini ukagusa goti la Leander. Akaashiria kwa kichwa: chukua.

Hapo ndipo Leander Thiel alipokosea. Mtu wa kijiji kingine angechukua. Miaka yote ile alikuwa akiutaka mkuki ule na samaki yule, na sasa vyote viwili viko gotini kwake, na mtu anayempa ni Wenzel. Aliona tayari Wenzel akieleza. Aliona watu wakisema, Wenzel alimpa. Akausukuma mpini nyuma kwa vidole viwili. Wenzel akausukuma mbele. Leander akatikisa kichwa na kunyoosha mkono kuchukua mkuki wake mwenyewe ulioegemea ukuta, na ukuta ulikuwa mbali kwa kuwa kigoda cha pili kilikuwa kimemsogeza. Wenzel alimshika mkono wa shati. Walivutana pale, wanaume wawili watu wazima, katika giza, bila neno, kama watoto wanaogombania kijiko wakati padri anasali.

Samaki alimaliza kutazama magunzi. Mkia wake ulipita polepole, upande wa juu mrefu, wa chini mfupi, ukaenda.

Wenzel alianza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikawa kikohozi na kikohozi kikamkunja, na Leander akalazimika kumshika mabega asiangukie majini. Mifupa yake ilikuwa myepesi. Alikuwa bado anacheka Leona alipofika na sleji, na hakuweza kumweleza kwa nini.

Jioni ile Leander alikwenda baa ya Gerhard. Hakuwa mtu wa kwenda baa. Alikunywa brandi mbili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasimulia hadithi mbele ya watu. Alieleza ukubwa wa yule jike, ndevu, mgongo uliolika, tumbo jeupe. Alieleza jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa ametulia akitazama maji, jinsi alivyomwona akitokea upande wa jiko, jinsi alivyotaka kumwachia mgonjwa nafasi. Watu walimsikiliza. Mmoja alimlipia glasi ya tatu. Mwingine aliuliza, na Wenzel je, alisemaje? Leander akasema Wenzel hakuona mpaka alipoonyeshwa.

Hadithi katika kijiji kile hutembea haraka kuliko gari la mikate. Barafu ilikuwa bado haijapasuka Leona alipompigia simu kaka yake, akamwambia aje, na asivue viatu mlangoni kwa kuwa hakuna muda.

Wenzel alikuwa amelazwa chumba cha juu ya duka, ambako joto la tanuri lilikuwa likipanda. Binti zake walikuwa wamesimama ukutani. Walimpisha mjomba wao. Alikuwa amekwisha sana. Ilibaki pua na ndevu. Macho yalikuwa wazi, na yalimwona Leander tangu mlangoni. Aliinua kidole kimoja kumwita karibu, kama mzee Ervin alivyokuwa akiomba chumvi. Leander aliinama. Alikuwa amejitayarisha kusikia neno la msamaha, na alikuwa ameshaanza kulichukia.

"Nasikia ulimwona wewe kwanza," alisema Wenzel.

Leander alinyoosha ukingo wa blanketi.

"Hukumwona," alisema Wenzel. Alivuta pumzi, akaingoja nyingine, na kona ya mdomo wake ikainuka. "Wewe ulikuwa unanitazama mimi, shemeji."